Mbele Kushoto

Waliniapisha kwa Biblia iliyobanduka jalada,
ukumbi wa kaunti, Kisumu, Jumanne saa nne kasorobo,
feni mbili darini, moja imekufa.
Mwenyekiti wa kamati akauliza: Wewe ni mhandisi?
La, mheshimiwa. Mimi ni Jerusa Kageha.
Nauza spea Kibuye.

Wakili wa kampuni alikuwa amekwisha kusema yake:
barabara zenu, mizigo yenu, madereva wenu,
na mafundi wenu wa jua kali wanaofunga kwa waya
kilichotakiwa kufungwa kwa mtambo.
Kila "enu" ikatudondokea mapajani kama makombo.

Basi nikafungua daftari.
La miraba, la hesabu, la mwanangu wa darasa la sita;
kurasa za mwanzo bado zina desimali zake na kosa jekundu.
Kuanzia hapo mwandiko ni wangu.
Februari tatu, Swala nyeupe, mpira wa breki, mbele kushoto.
Februari tisa, Swala, mpira wa breki, mbele kushoto.
Februari kumi na moja, mvua, Swala ya shule ya Kiboswa,
mbele kushoto.

Sikupandisha sauti.
Mtu mmoja nyuma akaanza kuitikia,
kisha benchi lake, kisha ukuta hadi ukuta,
mbele kushoto, mbele kushoto,
mpaka mwenyekiti akagonga meza,
na hata yeye, nadhani, aligonga kwa mdundo ule ule.

Arobaini na moja, kwa miezi kumi na minne.
Pikapu ambazo viti vyake vilikuwa bado vinanukia nailoni.

Mpira mmoja nilikuja nao mkobani. Nikauweka mezani:
mweusi, mrefu kama mkono wa mtoto,
umechubuka mahali pamoja tu,
pale unapolamba chuma kila gari likikata kona.
Huhitaji shahada. Unahitaji kidole.
Mheshimiwa mmoja akapitisha chake, akakitazama,
akakifuta kwa ripoti ya kampuni.

Wakili akasimama.
Mama Jerusa, mpira mmoja uliuza shilingi ngapi?
Elfu moja mia nane.
Uliununua?
Mia tisa.
Kwa hiyo hitilafu hii, kama ipo, imekulisha.

Tukaisikia feni iliyobaki.

Imenilisha, nikasema.
Imemlipia karo mwenye daftari.
Mara ya kumi nilishuku. Mara ya ishirini nilijua.
Mara ya ishirini na moja niliagiza katoni nzima.
Karani, andika na hilo, usiliruke.
Kisha akaja Zadok Imbwaga, msambaza maziwa,
akaushika mpira, akauliza bei, akasema mwisho wa mwezi,
nami nikaurudisha rafuni.
Siku ya nne, mteremko wa Riat, alfajiri,
maziwa yalitangulia kufika Mamboleo.

Ukurasa wake ni huu. Jina, tarehe,
na mraba wa bei mtupu. Sikujua niujaze nini.

Mia tisa mara arobaini na moja: zidisheni, nitarudisha.
Lakini kule kiwandani pia kuna mtu aliyehesabu.
Mtu huyo yupo, siambiwi kitu.
Kalamu yake ni nzuri kuliko yangu, ana dirisha, ana kikombe chake cha chai,
na mara ya kumi alishuku.
Mwiteni. Aje na daftari.

Wakasema wataandika barua. Wakaahirisha hadi baada ya chakula.

Nje, chini ya ukuta, lilisimama gari la kamati,
Swala, namba za serikali, tangi limejazwa kwa safari ya Kakamega.
Dereva amevua koti, amepiga magoti kwenye changarawe,
mkono umezama nyuma ya gurudumu hadi kwapani.
Akaniona. Hakuinuka.
Mama, leo utafungua?
Nitafungua.
Ni ngapi?

Mia tisa, nikamwambia.